Koti Moja Zito Halitoshi

Ndugu msomaji, endapo unaisoma safu hii ukiwa Temeke, Tanga au Mtwara, mlango umeuacha wazi ili upepo upite, huenda ukajiuliza kwa nini leo nimeamua kuzungumzia baridi. Nakuomba uvumilie kidogo. Katika nchi yetu mtu huweza kulala Dar es Salaam kwa shuka moja, na baada ya siku mbili akaamkia kazini Karatu, Njombe au Lushoto, mahali ambapo katika majira ya kipupwe huiona pumzi yake mwenyewe ikitoka kama moshi. Walimu, wauguzi, askari, mafundi na wafanyakazi wa hoteli huhamishiwa sehemu hizo kila mwaka. Aghalabu huondoka na godoro, ndoo na redio. Habari ya nguo za baridi hukumbukwa baada ya kikohozi cha kwanza.

Mdogo wangu ni mmoja wa watu hao. Amezaliwa na kukulia pwani, na sasa ni fundi mitambo wilayani Karatu. Anaishi mjini pamoja na mkewe na watoto wao wawili, na kazi yake iko kwenye njia ya kuelekea Oldeani, mwendo wa karibu saa nzima kwa baiskeli. Tangu alipohamia huko, baiskeli yake aina ya Phoenix ndiyo iliyompeleka kazini na kumrudisha, na fedha ambayo ingekwenda kwenye nauli ilinunua madaftari, sare na mafuta ya kupikia.

Mwaka jana, katikati ya mwezi Julai, mkewe alinipigia simu. Baada ya salamu na habari za watoto akasema, "Shemeji, ndugu yako ameiangika baiskeli ukutani. Anasema baridi imemshinda. Sasa anapanda bodaboda kwenda na kurudi, na mshahara hauvuki tena tarehe ishirini." Hakulalamika, alitaja jambo hilo kama mtu anayetoa taarifa ya paa linalovuja. Lakini nilielewa. Katika nyumba ya mfanyakazi, nauli ya kila siku si jambo dogo. Hula polepole, na kinacholiwa kwanza aghalabu ni haki ya watoto.

Nilipopata likizo fupi nikaenda. Naomba nikiri hapa mbele yako, msomaji, kwamba nilikwenda na dharau ya mtu wa pwani. Nilidhani mdogo wangu amelegea.

Yafaa kwanza nikueleze jinsi nchi ile ilivyo. Mto wa Mbu, kando ya Ziwa Manyara, uko chini kidogo ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari, na joto lake ni la kuota migomba. Kutoka hapo barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu, mji ulio kwenye kimo cha kama meta 1,500. Kutoka Karatu huendelea kupanda hadi lango la Lodoare, penye mwanzo wa Hifadhi ya Ngorongoro, na mbele ya hapo hupita msituni mpaka ukingo wa kreta, ulio juu ya meta 2,200. Wataalamu wa hali ya hewa hutufundisha kwamba kila upandapo meta 1,000, joto la hewa hupungua kwa nyuzi kama 6. Basi mtu akitoka Mto wa Mbu hadi ukingo wa kreta, anapoteza nyuzi 7 au 8 za joto. Kadhalika, kati ya Juni na Agosti pepo za kusini mashariki hupanda miteremko ile zikiwa na unyevu, nao hugeuka ukungu na manyunyu. Jua lenyewe mwezi Julai huchomoza baada ya saa 12 na nusu asubuhi. Kwa hiyo mtu anayeondoka saa 11 na nusu alfajiri ana mambo matatu ya kupambana nayo kwa pamoja: giza, umande na baridi.

Asubuhi ya pili baada ya kufika niliiangua ile Phoenix, nikapuliza matairi, nikavaa fulana nzito ya pamba na juu yake koti kubwa la kitambaa, nikashika barabara ya lami kuelekea Lodoare. Mfukoni nilikuwa na simu na noti moja. Kwenye keria nilifunga gazeti la Jumapili, nikikusudia kulisoma nitakapofika. Nia yangu ilikuwa kumwonyesha mdogo wangu kwamba jambo lenyewe ni dogo.

Safari ya kupanda ilinithibitishia dharau yangu. Baada ya robo saa nilikuwa natoka jasho kama mpiga makasia. Nikalivua koti nikalifunga kwenye keria, nikaendelea na fulana peke yake, tena nikifurahi. Karibu na lango nilisimama kupumzika. Mbele ya hapo sikuwa na haja ya kwenda. Ndani ya hifadhi njia ni ya nyati na tembo pamoja na magari, na mwenye baiskeli hapana budi aulize kanuni kwanza langoni. Nilikaa juu ya jiwe muda wa kama dakika kumi huku ukungu ukishuka kutoka msituni. Fulana yangu ilikuwa imelowa mgongoni kana kwamba nimetoka kisimani. Nikalivaa koti juu ya ule unyevu, nikaanza kuteremka.

Ndugu msomaji, baridi ya baiskeli haikai mlimani, inakaa mteremkoni. Wakati wa kupanda miguu hufanya kazi na mwili huwa tanuru. Wakati wa kushuka miguu hupumzika, tanuru huzimika, na upepo huongezeka maradufu. Kabla sijamaliza kilometa ya tatu, meno yalikuwa yanagongana. Kilichonitisha zaidi hakikuwa meno. Nilipotaka kushika breki kabla ya kona, vidole vilikataa kukunjwa. Niliviona viko juu ya wenzo wa breki, lakini havikuwa vyangu. Gari la watalii lilikuwa linapanda kutoka upande wa pili. Niliiacha lami, nikaingia kwenye majani, baiskeli ikanitupa kando ya kalvati. Sikuumia ila goti lilichubuka. Walakini nilikaa pale chini nikitetemeka, nikashindwa hata kufungua kifungo cha koti.

Mzee mmoja mchukuzi wa maziwa, mwenye madumu mawili kwenye keria yake, ndiye aliyesimama. Nikamwamkia kwa midomo mizito, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na nguo iliyolowa namna hii?"

Hakungoja jibu. Aliniamuru niivue ile fulana, akanipa sweta lake la akiba kutoka katika mfuko wake, kisha akalifungua gazeti langu, akalikunja mara mbili na kulisukuma kifuani mwangu kati ya sweta na koti. Nikamwambia kwamba sijamaliza kulisoma. "Utalisoma ukifika," akasema. "Leo lina kazi nyingine." Baada ya muda wa kuhesabu mia tatu, kifua kilianza kupata joto. Tukasukuma baiskeli zetu kwa miguu mpaka damu ilipochangamka, ndipo tukapanda.

Baadaye nilipofanya uchunguzi niligundua kwamba hila ya mzee yule ni ya watu wengi. Katika mashindano ya baiskeli ya Tour de France, yaliyoanza mwaka 1903, waendeshaji walizoea kupokea magazeti kutoka kwa watazamaji kwenye vilele vya milima ya Alps na kuyaweka kifuani kabla ya kuteremka. Karatasi huzuia upepo na hushika hewa katikati ya kurasa zake, na hewa iliyotulia ndiyo blanketi la kweli. Basi gazeti hili ulilonalo mkononi, ukishamaliza kulisoma, usifanye haraka kufungia maandazi.

Jioni ile nilimwomba mdogo wangu radhi. Halafu tukakaa, yeye, shemeji yangu na mimi, tukaitafuta sababu. Kumbe na yeye alikuwa akifanya kosa lile lile nililofanya mimi: fulana nzito ya pamba chini, koti moja zito juu. Akilivaa anatota jasho, akilivua anaganda. Hakuna hali ya katikati.

Sababu zake ni hizi. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya kama mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo nguo iliyolowa jasho ni adui uliyemvika mwili mwenyewe. Pamba hunywa maji na kuyashikilia. Upepo nao huongeza adha: hewa ikiwa na nyuzi 10, mtu anayeteremka kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa hujisikia kama yuko kwenye nyuzi 6 au 7, hata akiwa mkavu. Akiwa amelowa, mambo huwa mabaya zaidi.

Dawa yake ni kuvaa tabaka tabaka, nguo nyepesi tatu badala ya moja nzito. Ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe nyembamba na isiyonywa maji. Usiende mbali kuitafuta: jezi ya mpira, iwe ya Simba au ya Yanga, hiyo hiyo. Kitambaa chake hukauka upesi. Ya pili iwe ya kushika joto, yaani sweta, na likiwa la sufu ni bora zaidi, kwa sababu sufu huendelea kutia joto hata ikipata unyevu. Ya tatu ni koti jepesi la kuzuia upepo na manyunyu, lenye zipu mbele ili uweze kulifungua kidogo kidogo. Ndugu zetu Wamasai wa nyanda zile wanaijua kanuni hii tangu zamani. Asubuhi ya ukungu utawaona wamejitanda shuka mbili au tatu, na jua likipanda huziondoa moja moja. Walakini kwenye baiskeli shuka na blanketi visining'inie, maana vikinaswa na mnyororo au spoku, mwendeshaji huangushwa bila onyo.

Ufundi mwenyewe uko katika kuvua na kuvaa kwa wakati wake. Anza safari ukihisi ubaridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto la kutosha, baada ya kilometa mbili utakuwa unatoka jasho. Ukianza kupanda, fungua zipu kabla jasho halijatoka. Ukifika juu, vaa kabla baridi haijakupata, na kama jezi imelowa, ibadili papo hapo kwa ile kavu uliyoibeba. Usikae kwenye upepo ukiwa umelowa, kama mimi nilivyokaa juu ya lile jiwe.

Usisahau ncha za mwili. Mikono ndiyo inayoshika breki. Kwa hiyo glovu si pambo, ni sehemu ya breki. Asiye na glovu na avae soksi kuukuu mikononi. Kichwani kofia nyembamba ya kufunika masikio yatosha, na juu yake kofia ngumu kwa aliye nayo. Miguuni, viatu visibane, maana soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu na kuzidisha baridi.

Sasa tuje kwenye mfuko. Mzee wa maziwa alinisaidia kwa sababu alikuwa na sweta ambalo hakulivaa. Huo ndio mzigo wa kwanza: nguo moja kavu, iliyofungwa ndani ya kitu kisichopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini kipande cha turubai kinafanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Pamoja na nguo hiyo weka pampu, viraka na sulisheni yake, spana ya kulegezea gurudumu, na tochi au taa. Pancha ya Dar es Salaam ni usumbufu wa robo saa. Pancha ya Karatu saa 12 asubuhi, ukiwa umelowa na vidole vimekufa ganzi, ni jambo jingine. Weka maji pia, kwani katika baridi mtu hasikii kiu ingawa mwili unapoteza maji kwa jasho na pumzi. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi hudhoofisha betri. Andika namba ya nyumbani kwenye kikaratasi uitie mfukoni. Simu ikizimika, kikaratasi hakizimiki.

Chakula nacho ni kuni za mwili. Shemeji yangu ana ufundi wake katika jambo hili. Alfajiri huchemsha viazi vitamu, akatoa viwili vya moto, akavifunga kwa kitambaa na kumtilia mumewe kwenye mifuko ya koti, kimoja kila upande. Kwa kilometa za mwanzo vinampasha mikono anaposimama. Akifika kazini vinakuwa kifungua kinywa.

Mzigo usiubebe mgongoni kama waweza kuuepuka, maana mgongo chini ya mfuko hulowa jasho. Ufunge kwenye keria, vizito chini na katikati, na koti liwe juu kabisa ili lipatikane bila kufungua kila kitu kwenye manyunyu. Ukifunga kwa kamba za mpira wa tyubu, zikunje ncha zake zisifikie spoku.

Kabla ya mteremko, jaribu breki. Baiskeli nyingi tulizo nazo zina rimu za chuma, na rimu ya chuma iliyolowa haishikwi upesi na raba ya breki. Basi kwenye ukungu minya mapema na mara kwa mara kidogo kidogo, ili raba ifute maji, na punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Vaa nguo ya rangi inayong'aa au ubandike kiakisi nyuma. Dereva wa lori hawezi kumkwepa mtu asiyemwona.

Kuna dalili ambazo kila mwanafamilia anapaswa kuzijua. Mtu akitetemeka sana, akawa mzito wa kusema, akaangusha vitu na kujikwaa, baridi imeanza kumzidi nguvu. Joto la mwili wa binadamu ni kama nyuzi 37. Likishuka chini ya 35 maisha yamo hatarini. Kutetemeka kukikoma huku mtu akizidi kuchanganyikiwa, usiseme amepata nafuu. Hiyo ni hatari kubwa. Mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike blanketi kavu pamoja na kichwa, na kama ana fahamu zake kamili na aweza kumeza mpe chai ya moto kiasi yenye sukari. Halafu apelekwe hospitali. Pombe usimpe. Pombe hupanua mishipa ya damu ya ngozi, mtu akajisikia moto huku joto la ndani likikimbilia nje. Wako wanaokunywa kidogo "kukata baridi" kabla ya kupanda baiskeli. Wanachokikata ni akili na breki.

Neno moja pia juu ya kikohozi. Wengi husema kichomi huletwa na upepo. Kichomi huletwa na vijidudu, na sweta peke yake si tiba. Anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi aende akapimwe kifua kikuu, hata kama ana hakika kwamba ni baridi tu.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza gharama. Siku ya mnada tulikwenda sokoni sote watatu. Jezi ilikuwapo nyumbani tayari. Sweta la sufu na koti jepesi tulivipata kwenye mitumba, na shemeji aliyageuza masweta yote nje ndani kuangalia mishono kabla ya kukubali bei. Glovu hatukuziona, tukarudi na jozi mbili za soksi. Usiku ule alikaa na daftari lake la matumizi. Tulivyonunua vyote kwa pamoja vilikuwa chini ya nauli za bodaboda za majuma mawili. Mdogo wangu alilitazama lile daftari kimya kwa muda, kisha akainuka akaenda kutia mafuta mnyororo.

Sitakudanganya kwamba tangu siku hiyo hajapanda bodaboda. Zipo asubuhi ambazo ukungu huwa mzito hata taa ya gari haionekani kwa hatua ishirini, na siku hizo mkewe humwambia baiskeli ibaki, naye hutii. Huo nao ni uendeshaji mzuri. Lakini siku nyingi za juma baiskeli iko barabarani, na nauli iko nyumbani.

Kama nyumbani kwako yuko kijana anayejiandaa kwenda kuanza kazi nyanda za juu, usimfungashie koti moja zito ukadhani umemaliza. Mfungashie jezi, sweta na koti jepesi, na sweta jingine kavu la akiba. Siku moja kando ya barabara huenda likamfaa yeye, au mpita njia asiyemjua, kama lilivyonifaa mimi. Lile la mzee wa maziwa nilimrudishia likiwa limefuliwa, nalo gazeti nikalimalizia, ingawa ukurasa wa michezo ulikuwa umelowa usisomeke.

Tukutane Jumapili ijayo.